Barua Kabla ya Kibodi

Kazi niliianzia Sinza, karibu na Kijiweni, kwenye duka la kutengeneza simu na kompyuta. M-Pesa ilikuwa nchini Tanzania tangu 2008, na wateja walituletea vilio: mtu katumiwa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", naye akatuma. Vilio hivyo vilinivuta kwenye usalama wa mifumo. Nilitaka kuuona mwanya kabla mwizi hajauona.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilipoanza kutumika, bosi wangu alitusomea kifungu cha 4. Kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na bila uhalali: faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Nia njema si kibali. Kwa hiyo kila kazi yangu ya kupima usalama wa mfumo huanza na barua iliyosainiwa na mwenye mamlaka, ikitaja seva zipi zijaribiwe, saa ngapi, yapi ni marufuku, na nani apigiwe simu huduma ikiyumba.

Nakumbuka chama kimoja cha akiba na mikopo. Niliomba akaunti mbili za majaribio. Nikaingia kwa ya kwanza, nikabadilisha namba ya mwanachama kwenye anwani ya ukurasa, na ya pili ikafunguka bila nywila. Nikaishia hapo. Siku ileile nikampigia msimamizi wa mfumo, kisha nikaandika ripoti: hatua za kuurudia mwanya, madhara yake, na tiba, yaani seva ihakiki kila ombi kama akaunti ni ya anayeiomba. Walipoziba, nikajaribu tena.

Mjumbe wa bodi aliuliza kwa nini sikutoa salio la wanachama wote ili uongozi ushtuke.

"Mzee wangu," nikamjibu, "akaunti mbili zimetosha kuthibitisha. Akiba ya mama ntilie hainihusu."

Leo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mama huyo haki ya faragha yake. Vijana ninaowafundisha hujifunzia kwenye mashine zao wenyewe, kwa programu za mazoezi kama WebGoat ya OWASP. Wakikutana na mwanya kwenye mfumo wa taasisi, nawasisitiza wasiuchokonoe wala wasidai malipo. Watoe taarifa kwa mwenye mfumo au TZ-CERT, timu ya kitaifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Ujuzi wa kuvunja unapatikana kwa wengi. Anayeaminiwa kukabidhiwa mfumo wenye akiba za watu ni yule anayejua pa kuishia.