Kanuni Kinywani, Gari Barabarani

Jumatatu, 3 Februari 2025
Darasa la kwanza, shule ya msingi kando ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam. Wameimba kanuni yote bila kukosea: simama, tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, vuka. Baada ya kengele nikasimama nao getini. Mvulana aliyeongoza wimbo aligeuza kichwa kulia, kushoto, kulia, akatoka. Bodaboda ilikuwa inachomoka ubavuni mwa daladala iliyosimama. Mama muuza maandazi akamdaka mkoba.
"We mtoto! Hutazami?"
"Shikamoo mama. Nimetazama."
Na kweli alitazama. Shingo imefundishwa, macho bado.

Jumatano, 12 Februari
Mwanafunzi wangu wa uzamili ameniuliza kwa nini niliacha kutafiti lugha ya watoto. Sijaiacha. Miaka mingi nilirekodi watoto wadogo wakisema "taka maji" kabla hawajafikia "nataka maji". Kamil Ud Deen aliueleza udondoshaji huo wa viambishi kwa watoto wa Nairobi, katika kitabu chake cha 2005. Hakuna mzazi anayemkalisha mtoto mkekani amfundishe kiambishi. Huzungumza naye juu ya kilicho mbele yao, maji, kikombe, paka, na mtoto hujipatia kanuni mwenyewe. Naamini kuvuka barabara hujifunzwa vivyo hivyo: kwa mazungumzo, mahali penyewe, gari likionekana.

Alhamisi, 20 Februari
Nimesoma tena utafiti wa Ampofo-Boateng na Thomson wa 1991. Watoto wa miaka mitano na saba, wakiulizwa wavukie wapi, walichagua njia fupi iliyonyooka hata penye kona kali. Mradi gari halionekani, waliona pako salama. Katika mtaa wa Drumchapel, Glasgow, kazi ya akina Thomson ilizaa mpango wa Kerbcraft: wazazi wa kujitolea waliwatoa watoto wawili watatu hadi kwenye barabara yenyewe, wakawauliza badala ya kuwaamuru.

Leo nimetoka na watoto watatu.
"Hapa panafaa kuvukia?"
"Hapana, Dokta."
"Kwa nini?"
Kimya. Halafu binti mmoja akachuchumaa pembeni mwa lori lililoegeshwa, akachungulia, akaanza kujisemea kwa sauti ya chini: "Hili linaziba... dereva hanioni... labda pale kwenye mti." Akawashika wenzake mikono, akawapeleka kwenye mti. Mwanasaikolojia Piaget aliyaona maneno ya namna hii kuwa dalili ya akili changa, yanayofifia mtoto akikua. Mwanasaikolojia mwenzake, Vygotsky, akasema hayafifii, yanaingia ndani na kuwa fikra. Pale kwenye lori nimemwona Vygotsky akisema kweli: binti yule alikuwa anafikiri kwa mdomo, na fikra ilimwongoza miguu. Wimbo haukuweza kumpa hilo. Swali la "kwa nini" limempa.

Ijumaa, 7 Machi
Kikao cha wazazi. Baba mmoja amesimama: "Dokta, sisi tunatoka alfajiri. Nani ataongea nao njiani?" Swali la haki kabisa. Tumekubaliana kuanza na bibi na wajomba wanaobaki nyumbani. Nitawafundisha kuuliza kuliko kukaripia.

Lakini maneno pekee hayasimamishi lori. Stina Sandels, aliyewachunguza watoto wa Sweden miaka ya 1960, alifikia hapo mapema: mtoto mdogo hawezi kubebeshwa mzigo wote wa kuizoea barabara, barabara ndiyo itengenezwe kwa kumfikiria yeye. Hapa hapa Dar es Salaam mpango wa SARSAI wa shirika la Amend umefanya hivyo kwa matuta, njia za waenda kwa miguu na kuhamisha mageti ya shule. Tathmini ilionyesha majeraha ya wanafunzi yamepungua kwa asilimia 26. Hakuna wimbo ninaoujua uliofika huko.

Kwa hiyo barua ninayoiandika usiku huu ina maombi mawili, na sitakubali litolewe moja: ruhusa ya kufundishia watoto kando ya barabara, na matuta mbele ya shule kabla muhula huu haujaisha. Mtoto wa miaka sita asidaiwe umakini ambao dereva mtu mzima hadaiwi.