Robo Maili ya Stanton

Magari ya misuli ya Marekani nilikuwa nayajua kwenye karatasi tu. Mjomba wangu pale Kigoma alikuwa na rundo la magazeti ya zamani ya magari, kurasa zimekuwa njano, na sisi watoto tulibishana kwa kuzisoma tarakimu: hili lina nguvu za farasi 425, lile 360, basi la pili limekwisha. Mwenye tarakimu kubwa ndiye aliyeondoka na ushindi, na hakuna aliyeuliza tarakimu hizo ziliandikwa na nani. Kwa hiyo dada yangu aliponialika Grand Rapids, jimboni Michigan, anakoishi na mumewe, nilimwomba shemeji jambo moja: anipeleke mahali nitakapoyaona yakikabiliana.

Shemeji ni fundi. Ufundi aliuanzia katika kambi ya Nyarugusu, walikokimbilia na wazazi wake kutoka Fizi, kwa kutengeneza pikipiki na mashine za kusaga. Leo yuko kwenye gereji moja ya mjini, na Wakongo wa Grand Rapids wamekuwa wengi hata siku yangu ya kwanza nilisalimiwa kwa Kiswahili na mtu niliyekutana naye kwenye foleni ya dukani. "Shemeji," aliniambia, "karibu mwisho wa wiki iko mashindano Stanton. Ni gari za zamani, na motere haikuchezewa."

Tulitoka kabla ya jua, chapati za dada zikiwa kwenye mfuko na chai ya tangawizi kwenye chupa. Ilikuwa Septemba. Barabara ya US-131 ilitupeleka kaskazini kupita mashamba ya matufaha, kisha tukakata kulia kuifuata M-57 hadi Greenville, mji uliokuwa na kiwanda kikubwa cha majokofu kabla hakijafungwa mwaka 2006. Baada ya hapo ni viazi. Wilaya ya Montcalm ni ya viazi kama Njombe ilivyo, na kwa mwendo mrefu hatukuona kitu kingine ila matuta, maghala na makanisa madogo meupe. Kwenye barabara ya M-66 ndipo tulipoanza kufuatana na matrela. Juu ya moja kulikuwa na Chevelle nyekundu iliyofungwa kwa mikanda minne, na shemeji akapunguza mwendo makusudi ili abaki nyuma yake.

Uwanja wenyewe, Mid Michigan Motorplex, ni lami iliyonyooka katikati ya mashamba. Mstari wa kuanzia, mti wa taa, robo maili, yaani mita 402, halafu nafasi ya kupunguzia mwendo. Hakuna kona hata moja. Mtu aliyekulia kwenye hadithi za Safari Rally anaweza kudharau, na mimi kidogo nilidharau, hadi magari mawili ya kwanza yalipoondoka na kifua changu kikatetemeka pamoja na bati la banda la chakula.

Mashindano yanaitwa Pure Stock Drags, na utamu wake uko kwenye masharti. Gari linatakiwa liwe kama lilivyotoka kiwandani: injini ya aina ile ile, kabureta ile ile, manifoldi za eksozi za chuma cha kusubu, na matairi ya muundo wa zamani, membamba, ambayo leo usingeyafunga hata kwenye pikapu ya kubebea mkaa. Magari yenye muda unaokaribiana hupangwa mawili mawili, na anayeshinda mara mbili katika tatu ndiye mshindi. Kwa maneno mengine, ubishi wetu wa Kigoma umepewa lami.

Na ubishi huo ulihitaji lami kweli, kwa sababu karatasi za zama zile zilijaa ujanja. Mwaka 1963 General Motors ilijitoa kwenye mbio. Ilikuwa pia na amri kwamba gari la ukubwa wa kati lisiwekewe injini inayozidi inchi za ujazo 330, karibu lita 5.4. Watu wa Pontiac, chini ya mhandisi mkuu John DeLorean, wakauona mwanya: amri ilihusu injini ya kawaida ya gari, si kifaa cha ziada anachochagua mteja. Wakaiuza injini ya lita 6.4 kama ziada kwenye Tempest ya 1964, wakaiita GTO, jina walilolichukua kwa Ferrari bila kupiga hodi. Machi mwaka huo gazeti la Car and Driver likachapa ulinganisho wa GTO hizo mbili. Ferrari yenyewe haikufika kwenye majaribio. Na Pontiac iliyofika, iliyopikwa na wauza magari wa Royal Pontiac pembeni mwa Detroit, haikuwa na injini iliyotangazwa. Jim Wangers, mtu wa matangazo aliyekuwa nyuma ya shughuli ile, alikuja kukiri miaka mingi baadaye kwamba chini ya boneti kulikuwa na injini kubwa zaidi, ya lita 6.9. Mimi gazeti lile nimelisoma utotoni na kuliapia.

Baadaye ujanja uligeuka upande wa pili. Kampuni za bima zilipoanza kuwabana vijana wenye magari makali, viwanda vikaanza kuficha nguvu badala ya kuzitia chumvi. Ford ilipotoa Mustang yenye injini ya 428 Cobra Jet mwaka 1968, iliandika nguvu za farasi 335, tarakimu ambayo hakuna mshindani aliyewahi kushindwa nayo akaiamini. Kisha 1972 kipimo chenyewe kikabadilishwa: injini ikaanza kupimwa ikiwa imebeba mizigo yake yote, feni, altaneta, chujio la hewa na eksozi kamili, na tarakimu zikaporomoka. Anayelinganisha gari la 1970 na la 1972 kwa kusoma vitabu vya mauzo analinganisha mizani mbili.

Tulitembea kati ya magari yakiwa yamefunguliwa boneti. Hapa mtu haoni haya kuchungulia, wenyewe wanapenda. Shemeji alisimama kwenye Buick ya 1970, GS 455 yenye Stage 1, ya mzee mmoja mwenye kofia ya majani aliyesema alifanya kazi kiwandani Flint hadi kustaafu. Shemeji akamwita "Mzee" kwa Kiswahili, na yule bwana, baada ya kuelezwa, akaitika. Akatuonyesha injini. Lita 7.5, nguvu za farasi 360 kwenye karatasi. Utotoni ningeipita bila kuitazama mara mbili.

Mpinzani wake aliegesha hatua chache pembeni: Plymouth Road Runner yenye injini ya Hemi ya lita 7.0, zile 425 za magazeti ya mjomba. Gari lenyewe liliundwa kuwa la bei nafuu kwa vijana, bila mapambo, ila Plymouth ililipa dola 50,000 kwa Warner Bros. ili itumie jina la yule ndege wa katuni, na honi yake inalia kama yeye. Nilimwomba mwenye gari aipige. Akaipiga, bila kucheka, kama mtu aliyeombwa hivyo tangu gari likiwa jipya.

"Umeshinda tayari," nilimwambia yule wa Plymouth, nikitaja 425 dhidi ya 360. Mzee wa Buick akaniuliza kama nimesoma upande wa pili wa karatasi. Hemi hutoa nguvu zake kamili kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika. Buick ina nguvu ya kusokota ya futi-pauni 510, na inaifikia kwenye mizunguko 2,800 tu, wakati Hemi ina 490, tena hadi ifike 4,000. Moja hubeba tangu miguuni, nyingine huamka juu. Isitoshe injini ya Hemi ni nzito, zaidi ya kilo 350, na uzito huo umekaa mbele wakati magurudumu yanayosukuma yako nyuma. Gazeti la Motor Trend liliipima Buick ya namna hii mwaka 1970 ikamaliza robo maili kwa sekunde 13.38. Chevelle ya mwaka huo huo yenye injini ya LS6, ambayo kwenye karatasi ilikuwa na farasi 450, ilipata 13.44 kwa gazeti la Hot Rod na 13.81 kwa gazeti la Car Life. Aina moja ya gari, mikono miwili, na katikati pengo la zaidi ya theluthi ya sekunde.

Zamu yao ilipofika tulikuwa tumesimama karibu na mstari. Buick, yenye gia otomatiki, iliinua pua na kuondoka. Road Runner ilipiga kelele, matairi yakazunguka pale pale, moshi ukamfunika dereva. Kisha ikashika. Kuanzia katikati ya njia ilikuwa ikimeza nafasi kwa namna iliyonifanya nishike ukingo, lakini lami ilikwisha kwanza. Karatasi za muda zilipotoka, Hemi ndiyo iliyovuka mstari ikiwa na kasi kubwa zaidi, na ndiyo iliyofika nyuma. Shemeji alinieleza kwa kidole kwenye karatasi: kasi ya mwisho inakuambia motere ina nguvu gani, muda unakuambia mtu amezitumia vipi. Ningependa mtu angeniambia hivyo nikiwa na miaka 12.

Zamu ya pili dereva wa Plymouth alibadili dawa. Aliachia klachi taratibu, gari likatoka kwa heshima, bila moshi, na alipofika gia ya tatu Buick ilikuwa kwenye vioo vyake. Mzee alirudi amenuna, akamwagia maji ya baridi rejeta, akafunga boneti na kukaa kwenye kiti cha turubai bila kusema na mtu. Wengine hapa huyaweka magari haya kama dhahabu, hawathubutu kuyatoa gereji, kwa kuwa Hemi halisi leo ina bei ya nyumba. Wawili hawa walikuwa wanayachosha, na kwangu hiyo ndiyo heshima pekee ambayo gari la mbio linaijua.

Zamu ya tatu bado inabishaniwa, nadhani. Road Runner ilitumia muda mfupi zaidi, tofauti ikiwa ni sehemu za mia za sekunde, na ikashindwa. Sababu ni kwamba saa haianzi taa ya kijani inapowaka, huanza gari linapoondoka kwenye mwale wa kuanzia. Mzee wa Flint, na miaka yake yote, aliondoka mapema. Kijana wa Plymouth alisinzia kidogo. Gari lake lilikuwa na kasi zaidi, na Mzee akafika kwanza. Vyote viwili viko kwenye karatasi moja, mstari juu ya mstari.

Tulikula chapati nyuma ya Buick. Mzee aliipenda, akaomba ya pili, na kwa kuwa sasa alikuwa mshindi akawa na maneno mengi. Akauliza kama huko kwetu magari ya Kimarekani yamewahi kushindana. Nikamwambia yamewahi: mwaka 1964 Mercury Comet sita za V8 zililetwa kwenye East African Safari, kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, pamoja na fungu kubwa la mafundi na vipuri.

"Zilimaliza ngapi?"

"Mbili."

Akatafuna kwanza. Akauliza nani alishinda. Ford Cortina GT, nikamwambia, ikiendeshwa na Peter Hughes wa Kenya.

"Cortina ina injini ya ukubwa gani?"

"Lita moja na nusu."

Mzee alifuta mikono kwa kitambaa, akasimama, akampungia mkono yule wa Hemi avuke aje asikie mwenyewe.