Usa River: nilifuata mbio, nikaambulia kutembea

Kusema ukweli, nilitoka Dar nimejipanga. Buti zinang'aa, suruali ya kupandia farasi mpya kabisa, na kwenye begi kamera ya kupigia picha za mbio. Usa River ipo barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi. Kuna mashamba ya kahawa, kibaridi cha asubuhi na Mlima Meru unaokuchungulia kila ukigeuka. Huko ndiko anakoishi Tausi, farasi jike wa kahawia ambaye sikuwa nimempanda kwa miezi 8.

"Shikamoo mzee," nikamsalimia saisi wake.

"Marahaba mwanangu. Daktari wa mifugo ameruhusu, ila leo ni kutembea tu. Dakika 20."

Nikacheka. Mzee hakucheka.

Akanipeleka bandani kunionyesha sababu. Nyama za mgongo zimepungua pande zote mbili za uti, hivyo tandiko la zamani sasa lingemkalia kwenye mfupa. Limebadilishwa. Kwato zimechongwa na meno yamepigwa tupa, maana ncha kali humchoma shavuni akivaa lijamu. Chakula ni majani kwanza. Nafaka zinaongezwa kidogo kidogo kadiri kazi inavyopanda. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo tumbo likimvuruga si mchezo.

Lakini kilichoniingia ni habari ya miguu. Farasi akirudi kazini, pumzi na moyo hurudi mapema, misuli inafuata. Kano na mifupa huchelewa sana, huchukua miezi. Yaani mnyama anajisikia mzima, anataka kukimbia, anakushawishi na wewe, kumbe miguu bado. Ndiyo maana wiki 4 hadi 6 za mwanzo ni kutembea, kisha mwendo wa matiti wa dakika chache, na shoti baadaye kabisa.

Mzee alieleza yote hayo bila kunitazama. Tulijua wote wawili kwa nini. Miezi 8 iliyopita nilikuja Tausi akiwa ametoka kwenye mapumziko marefu ya masika. Mzee alikuwa likizo. Siku ya pili tu nikamwachia shoti kwenye njia ya shambani, na jamani, nilijiona malkia! Asubuhi yake mguu wa mbele ulikuwa umevimba, wa moto, hataki kuukanyagia. Ofisini nilisimulia mandhari tu. Hili sikuligusa.

Basi tukatembea katikati ya mibuni, mzee pembeni yetu na saa yake mkononi. Tausi alivuta hatamu, akatikisa kichwa, akapiga hatua za pembeni kama mtu aliyesikia muziki ukumbini. Mimi nikambana huku mapaja yananitetemeka (buti mpya hazisaidii kitu kama nawe umekaa miezi 8 kwenye kiti cha ofisi). Kamera haikutoka kwenye begi.

Kesho yake saa 12 asubuhi mzee akaniita. Akaushika mkono wangu, akauweka kwenye mguu ule wa mbele, halafu kwenye mwenzake. Yote miwili ya baridi sawasawa, hakuna uvimbe.

"Leo dakika 25?" nikauliza.

"20," akasema, akaenda kuchukua tandiko.