Kikopo cha Watoto na Misioni ya Bagamoyo



Mimi ni karani wa parokia. Kila Dominika baada ya Misa huhesabu sadaka na kuziandika daftarini. Kazi hii naipenda, lakini kwa muda mrefu jambo moja liliniudhi, nalo ni kikopo cha watoto wa Utoto Mtakatifu. Ndani yake mna sarafu za shilingi 50 na 100, nyingi za kuchosha vidole, na jumla yake haifikii bei ya debe moja la rangi. Siku moja nikamwambia Baba Paroko kwamba afadhali tuache kukipitisha. Hakunigombeza. Alisema tu, "Karani, mwezi ujao mahujaji wetu wanakwenda Bagamoyo. Nenda nao."

Basi nikaenda. Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa kilometa 70 hivi kuelekea kaskazini. Zamani misafara ya wapagazi kutoka Ujiji na Tabora iliishia hapa pwani. Wengine husema mji uliitwa hivyo kwa sababu mpagazi aliyefika aliubwaga moyo wake akapumzika. Wengine husema ni mtumwa aliyeubwaga moyo wake kwa huzuni, maana mbele yake palibaki jahazi na bahari tu.

Tulifuata njia yenye miembe pande zote mbili mpaka misioni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza kazi hapa mwaka 1868, chini ya Padre Antoine Horner. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha majengo yao, nao wakaanza upya. Tuliuona mnara wa kanisa la kwanza, ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874, baada ya kuletwa na akina Susi na Chuma kwa miguu kutoka bara.

Kisha tukaingia makaburini. Nilisoma miaka iliyoandikwa, nikaanza kutoa hesabu kama ilivyo desturi yangu. Wengi walikufa wakiwa vijana kuliko mimi, nami sijafika 40. Homa haikuwapa nafasi ya kuona mavuno.

Lakini jambo lililonishika hasa nililisikia baadaye. Misioni hii iliwakomboa watumwa kwa kuwanunua, wengi wao watoto, ikawafundisha dini, kilimo, useremala na uhunzi. Walipooana walijengewa kijiji chao. Si wote walioridhika na maisha ya pale, wengine walitoroka; lakini wengi walikaa wakawa na nyumba na jamaa. Je, fedha za kuwakomboa zilitoka wapi? Sehemu yake zilitoka kwa watoto! Utoto Mtakatifu ulianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson. Kila mtoto aliombwa vitu viwili tu: Salamu Maria moja kila siku, na senti moja kila mwezi.

Niliona haya, ndugu zangu. Kumbe kikopo nilichotaka kukitupa ni ndugu wa kile kilichomtoa mtoto sokoni! Huenda hata karani mmoja wa huko Ufaransa alinung'unika akizihesabu.

Tena tazameni jinsi baraka ilivyotembea. Mtoto yule wa Ufaransa hakuiona Bagamoyo, wala senti yake haikumrudia mfukoni. Lakini waliokombolewa nao walitoa. Mapadre walipokwenda bara kuanzisha misioni ya Mhonda mwaka 1877, Wakristo wa Bagamoyo walifuatana nao, waume na wake zao, wakalima na kujenga. Kutoka pwani hii imani ikafika hata Kilimanjaro. Wengi wetu tunaosali leo tumekula matunda ya mti tusioupanda.

Siku hizi wako watu wanaohubiri kwamba ukitoa elfu kumi, Mungu atakurudishia laki. Hiyo si sadaka, ni biashara, na Mungu si mwenye duka. Mjane wa Injili alitoa senti zake mbili, na hatusomi kwamba alitajirika. Alisifiwa na Bwana wetu, basi. Baraka ya mtoaji ni kwamba mkono wake umefunguka, na mkono uliofunguka ndio unaoweza pia kupokea.

Akina baba na akina mama, Dominika ijayo msimtolee mtoto sadaka yake. Mpeni sarafu mkononi mwake, mwelezeni inakwenda kwa nani, na mfundisheni kuisindikiza kwa Salamu Maria moja. Msimcheke kwa udogo wake. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri.

Mimi nilirudi nikamwomba Baba Paroko msamaha, naye akacheka. Kikopo bado kinapita. Nakihesabu cha kwanza, kabla ya noti, sarafu moja moja.