Gobore la Babu

Babu yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliunda gobore kwa mikono yake huko Rufiji ili mahindi yake yasiliwe na nguruwe-mwitu. Mtutu ni bomba la chuma. Kitako ni mti wa mninga alioupiga msasa hadi ukang'aa. Alipofariki, niliomba kibali, nikakabidhiwa.

Siku nilipolijaribu, moyo ulinivunjika. Gololi zilikwenda kombo, na cheche za baruti zikanirukia karibu na jicho. Mwanangu wa miaka 8 alikuwa amesimama hatua chache nyuma yangu.

Fundi mwenye leseni alilikagua, akashauri liundwe upya: mtutu mpya, kinyundo kipya, kitako kingine. Nikamuuliza, "Cha babu kitabaki nini?" Akanyamaza.

Nilitaradadi wiki mbili. Kulibomoa niliona ni utovu wa adabu. Kuendelea kulifyatua ni kuhatarisha nafsi, na fiqhi yatufunza kwamba madhara huondolewa. Hatimaye nilijihoji: je, namheshimu babu, au naona haya kukiri kwamba kazi yake ilikuwa na kasoro? Mwenyewe aliwahi kuniambia, huku akicheka, kuwa nguruwe walikimbia mshindo, si shabaha.

Nimemwomba fundi azibe tundu la kuwashia, basi. Mengine yote yamebaki kama babu alivyoyaacha. Shambani tunakesha kwa zamu na majirani, tukipiga madebe. Nguruwe wanakimbia vilevile, na mwanangu yu salama, alhamdulillahi.