Nilifuta folda moja, zikaenda zote

Nilikuwa Majimoto, kule bonde la Rukwa mkoani Katavi, nikifuatilia habari za mpunga. Nimerudi salama, ila maandishi yangu hayakurudi yote.

Kila ninachoandika nakiweka kwenye Git, ile programu ya kutunza matoleo ya faili aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Wenzangu hunicheka, eti hayo ni mambo ya watu wa kompyuta. Safari hii nilikuwa na folda kubwa ya mradi, na ndani yake folda mbili: Mpanda, nilikoanzia kwa siku 3, na Majimoto.

Basi usiku nipo gesti, nimeboronga rasimu ya zile chemchemi za maji ya moto zilizopapa mahali jina. Nikaingia folda ya Majimoto, nikaandika `git reset --hard`, nikiamini nafuta ya humo tu.

Kumbe! Ukiiita Git ukiwa folda ya ndani, inapanda juu folda kwa folda mpaka iikute `.git`, hivyo inaujua mradi mzima. Ningeandika `git restore .` ingeishia pale nilipo na chini yake, maana ile nukta ni "hapa". Lakini `reset --hard` haijali umesimama wapi. (`git stash` nayo inazoa mradi mzima, ila angalau yenyewe unaweza kurudisha.) Mafaili mapya ambayo Git ilikuwa haijayajua yalisalimika. Yaliyokwenda ni niliyoongeza kwenye faili la Mpanda. Sikuwa nimeyakomiti, wala hata `git add` sikufanya, ambayo ingeniachia pa kufukulia.

Humo kulikuwa na mahojiano na mama mmoja muuza mchele. Asubuhi nikampigia.

"Shikamoo mama, ni mimi yule mwandishi."

"Marahaba mwanangu. Si tulishamaliza?"

Akarudia yote bila kuchoka. Tulipofika kwa dalali aliyemlazimisha kujaza lumbesa, akanyamaza kidogo.

"Hilo tuliache, mwanangu."

Mara ya kwanza alilieleza mwenyewe, tena kwa hasira, na bado nalikumbuka. Lakini kukumbuka kwangu si ushahidi, na mwenye maneno ameyarudisha moyoni.

Habari nimeiwasilisha juzi. Dalali hayumo.