Kuitunza Saa ya Mkono

Vitu tuvaavyo mwilini ni vingi, lakini kimoja tu ndicho kifanyacho kazi usiku na mchana, nacho ni saa ya mkono. Saa ya kamani iliyo ya kawaida hupiga mara 5 katika sekunde moja. Ziko nyingine zipigazo upesi zaidi. Ukitaka kujua yapiga mara ngapi kwa siku, chukua sekunde 86,400 uzizidishe kwa 5, utapata 432,000. Hivyo ndivyo ifanyavyo siku zote, nayo hutiwa mafuta na fundi mara moja tu katika miaka minne au mitano. Nani katika ninyi angeiendesha baiskeli yake hivyo? Mimi hustaajabu kwamba saa haziharibiki upesi zaidi.

Zamani watu walichukua saa mfukoni, imefungwa kwa mkufu. Vita Kuu ya 1914 hata 1918 ndiyo iliyoeneza desturi ya kuivaa mkononi, maana askari aliyeshika bunduki hakuweza kupekua mfuko kila atakapo kujua saa. Lakini mfukoni saa ilikuwa kama mtu aliye nyumbani mwake. Mkononi ni kama mtu aliye njiani. Hukutana na jasho, vumbi, mvua, maji ya kunawia, na ukuta wa mlango.

Hapa Mpanda adui wa kwanza ni vumbi. Tangu Juni hata Oktoba hakuna mvua, na vumbi jekundu huingia kila mahali, hata ndani ya sanduku lililofungwa. Kisha Novemba mvua zaanza, na adui wa pili, yaani unyevu, ashika zamu yake mpaka Aprili. Baba yangu alifanya kazi katika reli hii itokayo Kaliua, iliyofika kwetu mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ule ulifungwa zamani, lakini reli ipo, na saa aliyoivaa baba ndiyo niivaayo mimi. Kila nitakaloeleza hapa nililiona kwanza likitendwa na mikono yake.

Kazi ya nyumbani ni ya nje tu. Neno hili lishikeni kabla ya mengine. Kila Jumamosi jioni hukaa mezani penye mwanga, nikatandika kitambaa cheupe ndani ya sinia. Kitambaa ni kwa sababu ya vile vijiti viwili vidogo vishikavyo mkanda: kila kijiti kina kamani ndani yake, na kikiponyoka huruka kama panzi. Katika sinia utakiona. Sakafuni utakitafuta mpaka usiku. Hukibonyeza kwa ncha ya kisu chembamba kisicho kikali, nikautoa mkanda.

Hapo ndipo uchafu uonekanapo. Kati ya mkanda na saa pana utando mweusi, nao ni jasho lililochanganyika na vumbi. Msidhani utando huo ni laini. Vumbi letu ni mchanga uliosagika, nao hukwaruza chuma polepole kama msasa, tena chumvi ya jasho hukila. Huusugua kwa mswaki mkuukuu ulio mkavu, ama kwa kijiti cha mti kilichochongwa. Situmii sindano wala msumari. Kisha hupangusa pande zote kwa kitambaa kilichotiwa maji kidogo na kukamuliwa sana, halafu kwa kitambaa kikavu. Pale penye kijifungo cha ubavuni, kile tukizungushacho kwa kutia ufunguo, hupapitia mara mbili, na kwanza hutazama kama kimesukumwa ndani barabara, kwa maana huo ndio mlango ambao maji na vumbi huupenda.

Mkanda wa chuma waweza kuoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, mradi umetolewa katika saa, ukakaushwa vizuri kabla ya kurudishwa. Mkanda wa ngozi usiuloweke. Upanguse na kuuweka kivulini. Jua la mchana huikausha ngozi ikapasuka. Kioo nacho kina habari yake. Saa nyingi za zamani zina kioo cha plastiki, na mikwaruzo yake midogo huondoka ukiisugua kwa dawa ya meno kidogo juu ya pamba. Kioo halisi hakisikii dawa hiyo, basi usijichoshe.

Mwaka mmoja, katika wiki za mwisho za muhula, mvulana wa darasa la sita alinijia baada ya masomo, ameshika kitu katika leso.

“Shikamoo, Mwalimu,” akasema. “Hii ni saa ya marehemu babu. Imesimama. Mjomba amesema tuichovye katika mafuta ya taa usiku kucha, itaamka.”

Nilimwambia asiichovye, nikamweleza sababu, nanyi pia nitawaeleza, kwa kuwa shauri la mjomba huyo nimelisikia kwa watu wengi. Ndani ya saa mna magurudumu yenye meno, na ncha za mihimili yake ni nyembamba mno. Ncha hizo huzunguka ndani ya vijitundu vya mawe ya yakuti, kwa sababu yakuti ni gumu, haliliki upesi. Katika kila kijitundu mna tone la mafuta dogo kuliko kichwa cha sindano. Mafuta ya taa huliyeyusha tone hilo yakaliondoa. Tena uchafu hautoki. Huhama tu kutoka mahali palipo wazi ukaingia mahali pa siri. Na maandishi ya uso wa saa yaweza kufutika yote. Kweli saa hiyo huenda ikaenda siku mbili tatu, na mwenyewe akafurahi. Baada ya hapo chuma hukwaruzana na jiwe pasipo mafuta mpaka ncha zile ziharibike. Wako na watu watiao mafuta ya cherehani, ama hata ya kupikia. Ya cherehani husambaa kila mahali isipokuwa pale yatakiwapo, na ya kupikia huganda.

Tulikwenda kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa na meza yake karibu na soko. Alitia lenzi jichoni, akafungua mfuniko wa mgongoni, akamwita kijana atazame. Hapakuwa na kilichovunjika. Mafuta ya miaka mingi yalikuwa yamekauka yakawa kama ulimbo wa kunasia ndege. Fundi alisema atatoa magurudumu yote moja moja, ayasafishe kwa benzini, ayarudishe, na kila mahali atie tone lake kwa ncha ya waya. Alitaka siku nne. Nyumbani kwao waliuza majogoo wawili ili kumlipa, na mjomba alinung’unika, akisema kwamba kwa fedha hiyo wangepata saa mpya ya betri. Alisema kweli. Lakini bibi ya kijana ndiye aliyetoa majogoo. Saa ilipoletwa hakuitazama uso, kwa kuwa hakujua kuisoma. Aliiweka sikioni akasikiliza kitambo, kisha akampa mjukuu aivae.

Mafundi wa namna ile wamepungua sasa, na vijana wengi wenye vidole vyepesi hutengeneza simu. Siwalaumu, maana kila mtu hufuata riziki ilipo. Lakini hiyo ni sababu nyingine ya kutunza nje, ili ndani pasihitaji mkono wa mtu mara kwa mara.

Saa za betri za namna ya fuwele, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1969, ni nyepesi kutunza. Ndani yake mna kipande cha fuwele kitetemekacho mara 32,768 kwa sekunde, kwa hiyo hukosea kidogo sana. Hatari yake ni moja. Betri ikiisha, na saa ikaachwa kabatini, betri huweza kuvuja ikaharibu mashine yote. Basi itolewe mara saa isimamapo.

Saa ya kamani itiwe ufunguo kila siku wakati ule ule. Mimi huitia asubuhi, imevuliwa, kwa sababu ukiizungusha ikiwa mkononi wakivuta kijifungo kwa upande. Zungusha polepole mpaka uone imekaza, kisha uache. Tena isilale karibu na kipaza sauti cha redio, kwa kuwa mna sumaku ndani yake. Sumaku hugandisha mizunguko ya ile kamani nyembamba kama unywele, na saa huanza kukimbia mbele dakika nyingi kwa siku. Na ukiona ukungu chini ya kioo, usiiweke juani wala karibu na jiko. Ipeleke kwa fundi siku ile ile, maana kutu haingoji.

Mwisho ni kuitia majira. Msifuate jua. Saa ya Afrika Mashariki imehesabiwa kwa longitudo ya 45 mashariki, na Mpanda ipo karibu na 31. Tofauti ni digrii 14, na kila digrii ni dakika 4 za mwendo wa jua. Jumla ni dakika 56. Kwa hiyo jua letu hufika juu kabisa karibu na saa saba, wala si saa sita kama wazee wanavyodhani, nalo hupishana dakika kadhaa kwa majira ya mwaka. Linganisheni saa na simu ipatayo wakati kutoka mtandao wake, mkaandike tofauti katika daftari kila jioni kwa juma moja. Saa ya kamani ichelewayo sekunde 30 kwa siku imekosa sehemu 1 tu katika 2,880, wala haina ugonjwa. Ile ya baba huchelewa mchana niivaapo, na usiku nikiilaza chali juu ya meza huenda mbele kidogo. Basi mimi huilaza hivyo, na asubuhi huikuta imelipa karibu deni lote.